Namba Iliyo Upande wa Ziwa

Wenzangu walimu,

Mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla hayajanitoka kichwani. Nimestaafu, nakaa nyumbani, na mke wangu ameshaniambia kwamba jikoni mwake hamna kengele, kwa hiyo niache kusimama ghafla katikati ya maongezi kana kwamba kipindi kimekwisha. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya kazi yenyewe. Nilifundisha hesabu, na kila mwaka nililazimika kurudia somo moja linaloonekana dogo kuliko yote: kumweleza mwanafunzi kuna namba za aina gani, na kwa nini aina moja haikutosha.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa Kiringye, katikati ya mashamba ya mpunga. Tablo, ubao wa kuandikia, ilikuwa mbao tatu zilizopakwa weusi wa betri kuukuu za tochi uliosagwa pamoja na majani. Chaki zikiisha tuliandikia kipande cha muhogo mkavu, na ikawa hatari kuacha mlango wazi wakati wa mapumziko, maana mbuzi waliingia kulamba somo la asubuhi. Siku ya kwanza niliingia na diploma yangu ya Bukavu ikiwa bado inanukia wino. Nikachora duara nne, moja ndani ya nyingine. Ndani kabisa nikaandika namba asilia, za kuhesabia. Iliyofuata, namba kamili, zenye hasi na chanya. Iliyofuata, namba za sehemu. Ya nje, namba halisi. Wanafunzi walinakili kwa bidii na usafi ambao sijauona tena. Nilipouliza kama kuna swali, msichana wa benchi la mbele alisimama.

"Mwalimu, hizi sahani tunazipaka rangi?"

Nyuma ya darasa alikuwa ameketi Mwalimu Kashindi. Alikuwa amefundisha hesabu katika uwanda ule wa Ruzizi tangu kabla mimi sijazaliwa. Alikuja shuleni kwa baiskeli isiyo na breki, akavaa koti lile lile katika joto ambalo hata mijusi walilikimbia, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Darasa lilipotoka aliniita.

"Byamungu, umewaonyesha nyumba ine. Ni nyumba nzuri. Lakini haukuwaambia batu bahama juu ya nini."

"Kuhama wapi, Mwalimu?"

"Muntu hahame nyumba bure. Kuna kintu kilimusumbua. Kesho nipatie kipindi kimoja, weye ukae nyuma."

Kesho yake aliwatoa wanafunzi nje, akawapanga kwenye ukingo wa mfereji wa kumwagilia mpunga. Akaanza na ng'ombe. Wangapi wanapita barabarani kule? Saba. Wakishapita wote, wamebaki wangapi? Hakuna. "Na hiyo hakuna tuiandike namna gani?" Sifuri. Mpaka hapo kila mtu alikuwa nyumbani kwake. Kisha akauliza: tatu ukitoa tano, inabaki nini? Darasa zima likajibu kwa furaha kwamba haiwezekani.

"Basi swali limetushinda," akasema. "Tufanye nini? Tufukuze swali, ao tuongeze namba?"

Mfereji ulikuwa na mti uliochomekwa na wenye mashamba, wenye alama pale maji yanapotakiwa kufika. Kashindi akaiita alama ile sifuri. Maji yakipanda juu ya alama, chanya. Yakishuka chini, hasi. Hakuna aliyebisha kwamba chini ya alama kuna kitu, kwa sababu wote walijua mpunga unavyokauka maji yakiwa pale. Tatu ukitoa tano ikapata makao: alama mbili chini. Kisha akawapa ndugu watatu wenye kurithi mashamba mawili, akawauliza kila mmoja atapata mashamba mangapi. Namba kamili zote zikajaribiwa, zikashindwa moja baada ya nyingine, na watoto wenyewe wakaanza kudai sehemu kwa kelele. Niliketi juu ya nyasi nikitazama. Nilikuwa nimesoma namba hizo miaka mingi, na ile ndiyo mara yangu ya kwanza kuona kila aina ikizaliwa kwa sababu.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa kijana anayeitwa Sadoki. Alitoka Bijombo, mlimani, kwa wafugaji, akakaa kwa ndugu zake Kiringye apate kusoma. Alikuwa na akili kali na shingo ngumu. Nilipoandika kwamba hasi mbili mara hasi tatu ni chanya sita, alifunga daftari.

"Minye sikubali."

"Ni kanuni, Sadoki."

"Kanuni iko ya nani? Ubaya mara ubaya inakuwaka uzuri? Mwalimu, kule kwetu haiko vile."

Nilimpeleka kwa Kashindi nikitegemea kwamba atamtuliza. Kashindi alimtazama kama mtu aliyeletewa zawadi. Akatupeleka tena kwenye mfereji, akaweka jiwe ukingoni, akasema jiwe ni sifuri. Kutazama kaskazini ni chanya, kutazama kusini ni hasi. Kwenda mbele ni chanya, kurudi kinyumenyume ni hasi.

"Tazama kusini, Sadoki. Sasa enda kinyumenyume, hatua mbili, mara tatu."

Sadoki akaenda. Mbili. Nne. Ukingo ulikuwa na tope, na hatua ya sita ilimtia ndani ya mfereji mpaka kifuani. Akasimama mle majini, akageuka kulitazama jiwe, akapima kwa macho. Alikuwa kaskazini ya jiwe, upande wa chanya.

"Sasa nakubali," akasema.

Baadaye Kashindi aliniambia neno ambalo nililibeba kazini hadi mwisho. Alisema mwanafunzi anayekubali kila kitu anakuheshimu wewe, lakini yule anayekataa anaiheshimu hesabu. Hakunipa hotuba zaidi ya hiyo. Alipanda baiskeli yake akaenda, akiburuza mguu mmoja chini badala ya breki. Nilifanya kazi karibu naye mpaka alipostaafu, na hadi nilipostaafu mwenyewe, kila nilipoingia darasani nilijiuliza angeanzia wapi.

Nilipohamishiwa Kalundu, juu ya bandari ya Uvira, nilidhani nimeshakuwa fundi. Shule ile mnaijua: imekaa mtelemkoni, madirisha ya upande mmoja yanatazama ziwa, ya upande mwingine yanatazama mlima. Ukifundisha asubuhi unashindana na wapagazi wanaopakua magunia na honi za mashua, na upepo ukitoka majini, darasa zima linajua kwamba ndagala, dagaa wa ziwa letu, zimefika. Huko ndiko nilikomkuta Riziki. Nyinyi mnamfahamu kama mwenzenu, mnakunywa naye chai wakati wa mapumziko. Mimi nilimfahamu akiwa msichana aliyeshikwa mkono na shangazi yake, amesimama mbele ya meza ya prefe wetu, mkuu wa shule, akiomba kuingia seksio, yaani mchepuo, wa sayansi.

Surua ilimnyima macho akiwa mdogo. Shangazi yake, Mama Feza, alikuwa anauza ndagala kwenye mwalo, na alikuwa amemsomesha kwa njia moja tu: kumkalisha karibu na wanafunzi wenye sauti kubwa.

Prefe hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta.

"Mama, seksio ya sayansi ni michoro, ni tablo. Sitaki kumudanganya mutoto. Kuna kazi ya kufuma, kuna kwaya..."

"Kufuma ninajua," Riziki akasema. "Nimekuja kwa sababu ya ile nisiyojua."

Mama Feza akainama kutazama sakafu, na nadhani alikuwa anaficha tabasamu. Prefe akanigeukia mimi, mwalimu wa hesabu, kama mtu anayetafuta mwenzake wa kubeba mzigo. Tukakubaliana hivi: atakaa darasani kwangu mpaka mwisho wa trimestre, muhula ule. Enspekteri, mkaguzi wa masomo, akija, atamuuliza mwenyewe mbele yetu. Akishindwa, arudi nyumbani bila maneno.

Wiki za kwanza zilinitesa. Nilizoea kusema "hii" na "ile" huku nikigonga tablo, na kila nilipogonga, Riziki aligeuza uso kuelekea kule mlio ulikotoka na kungoja. Jirani yake wa benchi alimnong'oneza ninachoandika, lakini kunong'ona mstari wa namba ni sawa na kunong'ona rangi. Alijua hesabu za kichwani kuliko darasa zima. Alichokosa ni mahali. Hakujua namba zinakaa wapi, moja kwa nyingine.

Siku moja nilishuka bandarini, nikapata kamba kuukuu ya mashua, ile nene iliyosokotwa. Niliikaza darasani kutoka ukuta wa kaskazini hadi wa kusini, kimo cha kifua. Katikati nikavisha pete ya chuma: sifuri. Kutoka hapo nikafunga fundo kila baada ya urefu wa mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kuelekea kusini, chanya. Kuelekea kaskazini, hasi. Wanafunzi wengine walilalamika kwamba wanapita wakiinama kama watu wanaoingia bandani. Niliwaambia kuinamia sifuri hakujamuua mtu.

Riziki alishika pete kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukaondoka polepole. Moja. Mbili. Tatu. Akarudi, akabadilisha mikono, akaenda upande mwingine. Hasi moja, hasi mbili. Akasimama hapo.

"Kumbe hasi nayo iko mbali sawasawa," akasema. "Minye nilifikiri iko chini, mu shimo."

Tangu siku ile alikuja mapema kabla ya bendera kupandishwa, akifanya kazi juu ya kamba. Alileta nyuzi kutoka kwa shangazi yake, akakunja uzi sehemu mbili kupata nusu, sehemu tatu kupata theluthi, akafunga kila sehemu mahali pake. Kamba ikaota nywele. Aliniuliza kama kati ya nyuzi mbili zilizo jirani kabisa anaweza kufunga nyingine. Nikamwambia ndiyo, daima. Na kati ya hizo tena? Ndiyo.

"Basi kamba imejaa," akasema. "Hakuna pahali patupu."

Nilijua kwamba hapo ndipo pa kuingilia. Nilitengeneza mraba wa mbao, kila upande mkono mmoja, na kijiti chenye urefu wa kona hadi kona ya mraba ule. Kwanza nilionyesha darasa zima, kwa kukata na kupanga karatasi, kwamba mraba unaojengwa juu ya kijiti unameza miraba miwili kamili kama ule wa mbao, si zaidi si pungufu. Kwa hiyo urefu wa kijiti ni namba ambayo, ukiizidisha kwa yenyewe, inatoa mbili. Nikamkabidhi Riziki kijiti, nikamwomba akianzishie kwenye pete na aniambie kinaishia kwenye sehemu gani.

Kilipita moja, hakikufika mbili. Hakikufika hata moja na nusu. Saba kwa tano ilikuwa fupi kidogo. Alizihisi nywele za kamba kwa ncha ya kidole akatikisa kichwa. Kisha akakunja uzi katika sehemu kumi na mbili, akahesabu kumi na saba, akafunga. Akapapasa mwisho wa kijiti, akapapasa uzi.

"Mwalimu, njo yenyewe hii! Kumi na saba kwa kumi na mbili. Kidole kinasema iko sawa."

Nilikwenda nikainama. Jicho langu nalo lilisema iko sawa. Darasa likapiga makofi.

"Basi zidisha," nikamwambia.

Alisimama akitikisa midomo. "Kumi na saba mara kumi na saba, mia mbili makumi nane na kenda. Kumi na mbili mara kumi na mbili, mia moja makumi ine na ine. Mara mbili yake..." Akakunja vidole akihesabu. "Mia mbili makumi nane na munane. Imekosa kwa moja."

Hakuna aliyepiga makofi tena. Walimu wenzangu, nimeona wanafunzi wengi wakifurahia jibu. Sijaona mwingine akifurahia kukosa namna ile. Uso wake uliwaka. Jicho langu na kidole chake vilikuwa vimedanganyika sawasawa, na yeye ndiye aliyegundua, kwa kichwa. Mbele ya namba ile mimi mwenye macho sikuwa na faida yoyote juu yake.

Kesho yake alinikuta langoni.

"Mwalimu, nimepata ingine. Chukua namba ya juu, uongeze ya chini mara mbili, hiyo iko ya juu mupya. Ya juu na ya chini, uziunganishe mara moja tu, hiyo iko ya chini mupya. Kumi na saba kwa kumi na mbili inazaa makumi ine na moja kwa makumi mbili na kenda. Hiyo inazaa makumi kenda na kenda kwa makumi saba. Nimezizidisha zote. Zote zinakosa kwa moja! Hii inapunguka, ile inazidi. Itakosa mpaka lini?"

Nilisimama na mfuko wangu mkononi. Kanuni ile sikumfundisha. Hakuna aliyemfundisha. Niliijaribu palepale kichwani, nikaona ni kweli, na nikamwambia kweli yote niliyokuwa nayo: itakosa daima.

"Umejuaje daima? Umezijaribu zote?"

Tukaingia darasani, wanafunzi wengine wakajaa, nikafundisha somo nililolipenda kuliko yote katika maisha yangu, bila kugusa chaki. Tuseme sehemu hiyo ipo. Tuirahisishe mpaka isirahisishike tena. Namba ya juu ikizidishwa kwa yenyewe inatoa mara mbili ya ile ya chini iliyojizidisha, kwa hiyo jibu ni shufwa, linagawanyika kwa mbili. Witiri ikijizidisha hubaki witiri, kwa hiyo namba ya juu yenyewe ni shufwa. Lakini shufwa ikijizidisha inagawanyika kwa nne. Basi ukigawa kwa mbili unabaki na ya chini iliyojizidisha, nayo bado ni shufwa, kwa hiyo ya chini yenyewe ni shufwa. Ya juu shufwa, ya chini shufwa.

"Basi tunaweza kurahisisha tena," mmoja akasema.

"Na tulisema nini?"

Riziki akajibu taratibu. "Tulisema kurahisisha kumekwisha." Akashika kamba. "Kumbe si kwamba hatujaipata. Haiko. Sehemu ya hivyo haiko hata kidogo."

"Na kijiti?"

"Kijiti ninakishika. Kijiti kiko." Akapapasa mwisho wake, pale katikati ya nyuzi zote zile. "Basi namba iko, sehemu njo haiko. Na minye nilisema kamba imejaa!"

Enspekteri alifika mwisho wa trimestre, mtu mrefu mwenye sauti ya redio. Prefe alimweleza kesi. Mama Feza aliacha ndagala zake akasimama nje ya dirisha, akijifanya anapita. Mimi nilikaa benchi la nyuma.

Enspekteri hakumhurumia, na kwa hilo namshukuru. "Kipeuo cha tisa kinakaa wapi?"

"Fundo la tatu. Imevaa koti ya kipeuo, lakini ni tatu tu."

"Makumi mbili na mbili kwa saba?"

"Hiyo ni sehemu, Baba. Inajenga jirani na pi, lakini si pi."

"Sifuri, virguli," akasema, yaani nukta ya desimali, "tatu, tatu, tatu, bila mwisho. Haina mwisho. Basi ni ndugu ya ile ya kijiti chenu?"

Hilo swali limewaangusha wengi, hata walimu.

"Apana, Baba. Iyo inarudia neno moja, sawa muntu anayeimba kiitikio. Ni theluthi." Akanyoosha mkono, akaenda moja kwa moja kwenye uzi. "Ninaigusa, iko hapa. Ile ya kijiti haiishe na haina kiitikio. Kutokuisha peke yake si kosa."

Enspekteri akaweka kalamu chini, akavua miwani, akafumba macho, akaishika kamba. "Nipeleke kwenye hasi mbili na nusu," akamwambia. Riziki akamwekea mkono kwenye pete, na mtu yule mrefu akaenda kaskazini akipapasa fundo moja, la pili, akitafuta uzi kwa kidole gumba, akiukosa, akirudi. Alipoupata alicheka kwa sauti, macho yangali yamefumbwa. Prefe naye akainuka kitini akashika kamba. Wakakaa hapo wawili wale, wakuu wa elimu, wakitafuta robo tatu.

"Abaki," prefe akasema. Kutoka nje ya dirisha tukasikia vigelegele vya mtu aliyekuwa anapita.

Mwaka uliofuata prefe mwenyewe ndiye aliyeomba kamba kwa wazazi kwa ajili ya madarasa mengine. Ndizo hizo mnazozilaani mkipita na vikombe vya chai.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Ziwa lilipanda, likaingia nyumba za chini, ikiwemo ya Mama Feza, wakahamia juu mlimani kwenye chumba kimoja. Riziki alikosa masomo kwa muda, akarudi amekonda, akaomba asomewe yote yaliyompita. Wanafunzi wenzake walimsomea kwa zamu bila kuagizwa. Nawakumbuka wote.

Mwaka wa sita, wa mwisho wa sekondari, tulifika kwenye namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inatoa hasi moja. Ni mahali ambapo kila mwaka darasa hukasirika. Chanya mara chanya, chanya. Hasi mara hasi, chanya. Iko wapi basi? Nilizoea kuandika herufi yake kwenye tablo na kuwaambia wavumilie. Riziki alipapasa kamba kutoka ukuta hadi ukuta, polepole, kisha akaiachia.

"Huku haiko," akasema.

"Haiko," nikakubali.

Alisimama kwenye pete, mgongo kaskazini, uso kusini. Nilikuwa nimewafundisha hasi kwa njia ya Kashindi, kwa kugeuka. "Kuzidisha kwa hasi moja ni kugeuka nyuma," akasema, kama anaongea peke yake, akageuka. "Nikifanya tena, narudi. Sasa natafuta kintu ambacho nikikifanya mara mbili, nimegeuka nyuma mara moja." Akarudi kutazama kusini. Miguu yake ikasogea kidogo. Akageuka nusu ya kugeuka, kushoto, akawa ameelekea madirishani. Upepo ulikuwa unatoka majini, ukampiga usoni. Akageuka hivyo mara nyingine, akawa anatazama kaskazini.

"Mwalimu! Iko upande wa ziwa. Haiko juu ya kamba, iko pembeni yake!" Akatulia. "Lakini ningegeuka kuume, upande wa mulima, ingekuwa vilevile."

"Ndiyo," nikasema. "Ziko mbili. Moja ziwani, moja mlimani."

Nimefundisha somo lile mara nyingi kabla na baada. Nimelifundisha kwa kalamu, kwa chaki na kwa muhogo. Siku ile nililisoma.

Egzeta, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, aliufanya akisomewa maswali na karani aliyekuwa anakosea kusoma vipeuo. Yeye alimsahihisha kwa adabu na kuendelea. Matokeo yalisomwa redioni mchana. Nilikuwa nyumbani nikinyoa ndevu. Sikulisikia jina lake, maana jirani zangu walikuwa wanapiga kelele za mtoto wao, nikabaki na povu upande mmoja wa uso, sijui niulize nani.

Kisha nikasikia nyimbo zikipanda barabara ya kutoka Kalundu. Mnajua desturi yetu: aliyefaulu hupakwa poda mpaka afanane na gunia la unga. Walikuja kundi zima, weupe kuanzia nywele hadi viatu, Mama Feza mbele na kopo la poda mkononi, akicheza na kulia kwa pamoja. Katikati yao Riziki, mweupe kabisa, ameshikwa na wenzake kila upande.

Kwenye lango langu aliwaachia mikono.

"Mwalimu Byamungu, uko wapi?"

"Niko hapa," nikasema. "Usisumbuke, nakuja."

"Apana. Ukae hapohapo, useme tena."

"Niko hapa, Riziki."

Alinyoosha viganja, Mama Feza akavijazia poda. Akaja peke yake, kwa kufuata sauti yangu, mpaka akanifikia, akanimwagia yote kichwani.